Nani Anapima Jeraha la Jua?



Wengine watatuuliza: kwa nini gazeti la chama cha uhuru, gazeti la Wakongomani, linaandika habari ya askari wa Marekani na ngozi zao? Je, matatizo ya hapa kwetu yamekwisha? Tunajibu: hayakwisha. Lakini mtu anayetaka kujenga nyumba hupita kwanza kwa jirani, atazame ukuta umesimama wapi na umepasuka wapi. Karibu kila nchi yenye uhuru ina askari, na kila nchi yenye askari itakuwa na askari wagonjwa. Siku moja askari huyo atasimama mbele ya meza ya Leta, na karani atamwuliza: umeumia kiasi gani? Kwa namna ya kupokea jibu lake ndipo tutakapojua kama Leta ni mzazi wake au ni bwana wake tu.

Wamarekani wana kitabu cha swali hilo. Askari aliyeacha jeshi, akiwa na ugonjwa uliotokana na utumishi wake, hupewa kipimo: 0, 10, 20, na kuendelea hivyo mpaka 100 kwa mia. Kila ugonjwa una namba yake na ukurasa wake. Kwa malipo yaliyoanza Desemba 2024, mtu asiye na mke wala watoto wa kulisha alipata dola 175.51 kwa mwezi akiwa na 10 kwa mia. Mwenye 60 kwa mia alipata dola 1,395.93, na mwenye 100 kwa mia alipata dola 3,831.30. Mwenye 0 kwa mia hapati feza hiyo ya kila mwezi, ingawa Leta yenyewe imekubali kwa maandishi kwamba ugonjwa wake ulitoka jeshini.

Hatusimami hapa kuwacheka. Kuwa na kitabu chenye makosa ni bora kuliko kutokuwa na kitabu, maana kosa lililoandikwa linaweza kuonyeshwa kwa kidole na kusahihishwa. Basi leo tunataka kuonyesha kosa moja. Linaonekana wazi katika magonjwa ya ngozi yanayoamshwa na jua.

Kwanza tueleze magonjwa haya ni nini. Moja huitwa porfiria ya ngozi. Ini la mgonjwa linashindwa kumaliza kazi yake ya kutengeneza kitu kimoja cha damu, na mabaki ya kazi hiyo yanatembea mwilini mpaka chini ya ngozi. Mwanga wa jua ukiyafikia, ngozi inaharibika. Migongo ya mikono na uso hutoka malengelenge. Ngozi inakuwa laini kama karatasi iliyolowa, inachubuka kwa kugusa mlango tu. Kisha yanabaki makovu na mabaka, na mkojo unaweza kuwa na rangi ya chai nzito. Malengelenge hayaji saa ile ile mtu anapotoka juani, na kwa sababu hiyo wengi hukaa siku nyingi bila kujua kwamba adui yao ni jua. Hata kioo cha dirisha hakimlindi mgonjwa, kwa kuwa mwanga unaomdhuru hupita kiooni. Kinachomlinda ni nguo ndefu, glavu, kofia pana na kivuli.

Ugonjwa wa pili ni lupusi ya ngozi. Huo huleta mabaka ya mviringo kama sarafu usoni, masikioni na kichwani. Jua huyachochea. Yakipona huacha kovu, nywele hazioti tena mahali pale, na mtu mweusi hubaki na madoa meupe ambayo kila mtu barabarani huyatazama.

Sasa tuseme askari waliingiaje katika habari hii. Kuanzia mwaka 1962 mpaka 1971 ndege za jeshi la Marekani zilimwaga juu ya misitu na mashamba ya Vietnamu dawa za kuua majani, zaidi ya lita milioni 70. Iliyojulikana zaidi iliitwa Agent Orange, kwa sababu mapipa yake yalikuwa na mstari wa rangi ya machungwa. Ndani yake mlikuwa na sumu inayoitwa dioksini. Askari walipita chini ya miti ile, walilala juu ya udongo ule, walishika mapipa yale kwa mikono mitupu.

Kwamba kemikali za namna hiyo zinaweza kuharibu ini na kuleta porfiria, dunia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Nchini Uturuki, katika miaka ya 1950, watu walikula ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, dawa yenye klorini. Zaidi ya watu 3,000 waliugua, wengi wao watoto, na ngozi zao zikapasuka kwa jua.

Askari wa Marekani walirudi kwao, wakaanza kuuliza. Walijibiwa kwa miaka mingi kwamba ushahidi hautoshi. Mwaka 1984 makampuni yaliyotengeneza dawa yalikubali kutoa dola milioni 180 ili kesi yao imalizike. Mwaka 1991 bunge la Marekani likapitisha sheria ya Agent Orange, na mwaka 1994 porfiria ya ngozi ikaingizwa katika orodha ya magonjwa ambayo Leta inakubali kwamba yalitoka katika dawa ile, bila askari kulazimika kuleta ushahidi wa kisayansi.

Mtu akisoma mpaka hapa atasema: basi, haki imepatikana. Asome mstari unaofuata. Orodha inasema kwamba porfiria lazima iwe imejitokeza, na imefika angalau 10 kwa mia, ndani ya mwaka mmoja tangu askari alipoguswa na dawa kwa mara ya mwisho.

Ndugu, fanyeni hesabu. Askari aliyeondoka Vietnamu mwaka 1969 alipaswa kuwa na ugonjwa uliopimika kabla ya mwaka 1970 kwisha. Sheria ya kumsaidia ilikuja mwaka 1994. Kwa hiyo katika mwaka 1994 anaambiwa: leta karatasi ya miaka 24 iliyopita inayoonyesha malengelenge ya mikono yako. Wakati ule alikuwa kijana. Aliporudi alishika kazi ya shamba au ya ujenzi, mikono ikatoka malengelenge, akafikiri ni joto, akapaka mafuta, akavaa glavu. Hakwenda kwa mganga. Kama alikwenda, pengine mganga hakujua porfiria ni kitu gani. Ni kweli kwamba njia nyingine haikufungwa: askari anaweza bado kuleta ushahidi wake mwenyewe na barua ya mganga kwamba ugonjwa ulitoka jeshini. Lakini mzigo ambao orodha ilipaswa kumwondolea, umerudi mgongoni mwake.

Sisi hatusemi kwamba kila malengelenge yalitoka Vietnamu. Porfiria hii huamshwa pia na pombe, na chuma kingi mwilini, na ugonjwa wa ini. Waganga wakubwa walioitwa na Leta ya Marekani kuchunguza jambo hili waliona ushahidi una mipaka. Mtu mkweli husema hivyo. Lakini kama Leta imekwisha kukubali kuuweka ugonjwa katika orodha, isiuweke kwa mkono wa kulia na kuutoa kwa mkono wa kushoto.

Tuseme sasa askari ameuvuka mto huo, ugonjwa wake umekubaliwa. Anafika mbele ya mizani.

Ukurasa wa ngozi katika kitabu chao, kama ulivyoandikwa upya mwaka 2018, unapima mambo mawili. La kwanza ni eneo: ni sehemu gani ya mwili wote, au ya sehemu zinazokaa wazi kama uso na mikono, iliyoharibika. Ikiwa ni chini ya 5 kwa mia, na mgonjwa anapaka dawa ya juu ya ngozi tu, anapata 0. Kuanzia 5 mpaka karibu 20 anapata 10 kwa mia. Kuanzia 20 mpaka 40 anapata 30. Zaidi ya 40 anapata 60, na ukurasa huo hauendi juu zaidi. La pili ni dawa: ikiwa anatumia dawa ya kumeza au ya sindano, au matibabu mengine makubwa yanayoingia mwili mzima, wanahesabu wiki alizotumia katika miezi 12 iliyopita. Akitumia karibu mwaka wote anapata 60 kwa mia. Makovu ya uso yana ukurasa wake, na mganga anaweza kuuchagua kama makovu ndiyo yanayomwumiza zaidi.

Kwa upele wa kawaida huenda mizani hiyo inatosha. Kwa ugonjwa wa jua haitoshi, na sababu yake ni rahisi. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa jua ni kulikimbia jua. Mgonjwa hufunga mapazia. Huenda sokoni usiku. Huacha kazi ya shamba, ya barabara, ya ujenzi. Hakai na watoto wake uwanjani mchana. Akifanya hayo yote kwa uaminifu, kama mganga alivyomwamuru, ngozi yake inatulia. Kisha anaitwa kupimwa. Anaingia katika chumba chenye taa, labda katika mwezi wa baridi wakati jua la kwao ni dhaifu. Mganga anatazama mikono, anaona mabaka machache, anaandika: chini ya 5 kwa mia. Dawa? Mafuta ya kupaka. Basi, 0.

Mnaona jambo hilo? Mgonjwa mtii anaadhibiwa kwa utii wake. Kama angetaka alama kubwa, ingempasa asimame juani wiki nzima kabla ya kupimwa, mikono itoke damu, ndipo mizani imwone. Kofia, glavu, mapazia, mshahara alioupoteza, kitabu hakiviiti matibabu. Lakini ndivyo vilivyomtibu! Hata juu ya dawa ya kupaka walipigana tribunalini: mwaka 2016 tribunali ya askari wa zamani ilisema mafuta yenye dawa kali ya steroidi yahesabiwe kama dawa ya mwili mzima, mwaka 2017 tribunali iliyo juu yake ikakataa, na mwaka 2018 buro ikaandika katika kitabu chenyewe kwamba kinachopita juu ya ngozi hakihesabiwi hivyo.

Wenyeji husema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Karani hajalala katika kitanda hicho. Hatumlaumu karani, yeye anajaza karatasi aliyopewa. Tunailaumu karatasi.

Wala msidhani haya ni mawazo ya gazeti la kigeni tu. Majaji wa Marekani wenyewe waliona kosa hili zamani. Mwaka 1992 tribunali ile ya askari wa zamani ilisema kwamba ugonjwa wa ngozi unaokuja na kuondoka upimwe kwa kutazama unakuja mara ngapi, unakaa muda gani, na unakuwaje siku za ukali wake. Mwaka 1994, katika kesi ya askari mmoja mwenye ugonjwa wa miguu, walirudisha dosie na kuamuru apimwe wakati ugonjwa umeamka, kwa sababu kumpima wakati umelala hakuonyeshi ukweli. Huo ni uamuzi mzuri, na tunausifu. Lakini mwaka 1999 tribunali hiyo hiyo iliuwekea mpaka: ikiwa ugonjwa huamka kwa siku chache tu na haumzuii mtu kufanya kazi, buro hailazimiki kungoja siku hizo. Sisi tunauliza: na mtu ambaye ugonjwa wake hauamki kwa sababu ameacha kazi ili usiamke, yeye yuko upande gani wa mpaka huo?

Jibu halihitaji kitabu kipya. Limo katika kitabu hicho hicho. Lupusi ikiwa imeingia mwili mzima, si ngozi peke yake, ina ukurasa mwingine, na ukurasa huo hauhesabu eneo. Unahesabu mashambulizi: ugonjwa umeamka mara ngapi kwa mwaka, umekaa wiki ngapi, umeharibu afya kiasi gani. Mwenye mashambulizi mawili au matatu kwa mwaka, ya wiki moja au zaidi, hupata 60 kwa mia. Ina maana kwamba wenye kitabu wanajua kupima ugonjwa unaokuja na kuondoka. Wanajua, katika ukurasa wa ngozi hawakufanya.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita kimya. Lupusi ya ngozi huwapata zaidi watu weusi wa Marekani kuliko weupe wa nchi ile. Na weusi hao walikwenda Vietnamu, walimwaga damu pale chini ya bendera ambayo wengi wao, kabla ya sheria ya mwaka 1965, haikuwapa hata nafasi ya kupiga kura bila vitisho. Waganga husomeshwa kutafuta wekundu juu ya ngozi. Juu ya ngozi nyeusi wekundu haujitokezi hivyo. Unakuwa rangi ya zambarau au ya majivu, au hauonekani kwa jicho lisilozoea. Jicho lililofundishwa kwa ngozi moja likishika kalamu ya kupima ngozi nyingine, eneo linapungua katika karatasi, na mwili haukupungukiwa maumivu.

Wako watakaotupinga. Watasema: Leta haiwezi kulipa maumivu isiyoyaona, kila mtu atadai kwamba jua linamchoma, wadanganyifu watajaa mlangoni. Neno hilo si la kijinga, na tunalijibu kwa heshima. Porfiria haijifichi kwa mwenye kutafuta: inapimwa katika mkojo na damu. Lupusi ya ngozi inathibitishwa kwa kipande kidogo cha ngozi chini ya hadubini. Ugonjwa ukiisha kuthibitishwa hivyo, mdanganyifu amekwisha kubaki nje. Linalobaki ni kupima maisha ya mgonjwa wa kweli. Na hapo sheria ya Marekani yenyewe inakubali neno la mtu asiye mganga juu ya kitu kinachoonekana kwa macho. Askari anaweza kusema: mikono yangu ilitoka malengelenge mwezi huu na mwezi ule. Mke wake anaweza kuandika. Mwenzake wa kikosi anaweza kuandika. Picha yenye tarehe inasema. Buro isipokee ushahidi huo kana kwamba ni zawadi; ni haki.

Tena tusisahau wale ambao hawana hata sifuri. Vietnamu ni nchi ya watu, si uwanja wa vita tu. Wakulima walioishi chini ya ndege zile walipeleka kesi yao Marekani juu ya makampuni, na mwaka 2005 jaji akaitupa. Mwaka 2008 tribunali ya juu ikakubaliana naye. Askari wa Marekani anapigania ukurasa wa kitabu. Mkulima wa Vietnamu katika kitabu hicho hana ukurasa. Anayetetea haki ya mmoja na kumsahau wa pili anatetea bendera tu.

Sasa turudi nyumbani, maana tulisema tangu mwanzo kwamba tunamtazama jirani ili tujenge vizuri. Baba zetu wa Force Publique waliingia Tabora mwaka 1916. Wana wao walipigana Uhabeshi, na mwaka 1941 jenerali wa Kiitalia aliweka silaha chini pale Saio. Wapagazi wasio na hesabu walibeba mizigo ya vita ile ya kwanza juu ya vichwa vyao. Nani alikaa nao mezani akauliza: umeumia kiasi gani? Ushindi uliandikwa katika mawe. Magonjwa waliyorudi nayo waliyabeba wenyewe mpaka kaburini, na adhabu ya kaburi aijua maiti.

Tangu 30 Juni 1960 hatuwezi tena kusema kwamba kalamu iko mikononi mwa mgeni. Kwa hiyo tunataka mambo manne yaandikwe katika kila sheria ya Kongo juu ya askari walioumia au kuugua katika utumishi, na tunayasema pia kwa ajili ya askari wa Marekani, maana haki haina pasi ya kusafiria.

La kwanza: ugonjwa unaokuja na kuondoka upimwe kwa mwaka mzima, si kwa asubuhi moja. Mganga aulize ameugua mara ngapi, wiki ngapi, na amepoteza kazi gani.

La pili: kujikinga kuhesabiwe kuwa matibabu. Mtu aliyeamriwa na mganga aache jua asionekane mzima kwa sababu ameliacha.

La tatu: siku ya mwisho ya kudai isianze kukimbia kabla mtu hajaweza kujua. Kama Leta yenyewe ilichukua zaidi ya miaka 20 kujifunza jina la ugonjwa, isimwambie askari kwamba alipaswa kulijua katika miezi 12.

La nne: askari apewe nakala ya karatasi zake zote za uganga siku anapovua nguo za jeshi, mkononi mwake, bila kulipa na bila kuomba. Dosie iliyo katika kabati ya buro huungua, huliwa na mchwa, hupotea. Iliyo mikononi mwa mwenyewe ina mlinzi.

Na ninyi ndugu askari, na wake zenu, msingoje sheria. Ngozi ikitoka malengelenge, nendeni kwa mganga siku hiyo, wakati ugonjwa uko wazi. Andikeni tarehe. Pigeni picha. Wekeni barua pamoja katika mfuko mmoja mahali pakavu. Mtu aliyeonewa akiwa na karatasi mkononi, karani hutafuta kiti ampe akae.

Askari hakuchagua jua alilotumwa kusimama chini yake. Aliyemtuma ndiye anayepaswa kuhesabu, na ahesabu sawasawa.

Uhuru na haki!